Kabati la Mama

Tanga, Jumapili, 6 Aprili 2025

Kabati la vyombo la Mama liliingia jana jioni kutoka Pangani, juu ya kirikuu, limeviringishwa mablanketi. Ni la mvule tupu: urefu sentimita 190, upana 120, kina 45. Vijana wanne walilibeba kwa kupokezana pumzi. Tumeliweka sebuleni, mgongo ukutani, uso unatazama veranda.

Tangu asubuhi mlango wa kulia haukubali kufungwa. Ukiusukuma unarudi wenyewe taratibu, ukifika nusu ya safari unasimama, umenyooka mbele. Wa kushoto umeshikwa na komeo, lakini kingo za milango miwili hazilingani: chini zimekutana, juu mmoja umejitokeza. Droo ya kulia nayo inateleza kidogo kila mtu akipita kwa kishindo. Mama alikuwa kwenye kochi, akatazama weee, kisha akasema, "Mwanangu, kule kwangu halikuwa hivi." Najua. Nimekua na kabati hilo na sijawahi kuuona mlango ule ukifunguka bila mkono wa mtu.

Mchana akaja fundi seremala wa mtaa wa pili. Akapitisha kidole kwenye mwanya, akatikisa kichwa. "Dada, masika haya, mbao imevimba. Nirande ukingo, nibadilishe bawaba, kwisha kazi." Nimemwomba asubiri. Kweli mbao hunywa unyevu na kutanuka kwa upana wake, ila kwa urefu haiongezeki kiasi cha kuonekana. Kuvimba kungeufanya mlango ukwame. Huu haukwami, unajifungua. Mlango unaojifungua unafuata uzito wake, maana yake nguzo iliyoshika bawaba imeinama mbele. Ukirandwa leo, siku kabati likisimama wima utabaki na pengo la maisha, na mvule ule hauunganishwi tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu ya Karume, watoto wako nyumbani, nimewapa kazi.

Mkubwa alipanda kwenye stuli akashika uzi kwenye ukingo wa juu wa kabati, upande wa kushoto. Chini ya uzi nimefunga nati kubwa ya chuma. Ilipotulia, uzi ulikuwa umeachana na kabati kwa milimita 25 pale chini. Upande wa kulia uliachana kwa zaidi ya 30. Kabati zima linatazama sakafu.

Kisha pima maji. Kwanza nimelijaribu lenyewe: niliweka mezani, nikaweka alama mahali lilipokaa, nikaligeuza kichwa kuwa mkia palepale. Povu likarudi kwenye nafasi ileile. Pima maji lisilopita mtihani huo halina la kukuambia. Nikaliweka juu ya ubao ulionyooka, mguu hadi mguu, nikisogeza vipande vyembamba chini ya ubao mpaka povu likae katikati. Mguu wa nyuma kushoto ndio umekaa juu kuliko yote. Ukihesabu kutoka hapo, wa nyuma kulia uko chini milimita 1, wa mbele kushoto 6, wa mbele kulia 9.

Namba hizi zinasema mengi. Sakafu inateremka kuelekea veranda, na nadhani aliyeijenga alikusudia hivyo ili maji ya deki yatoke. Milimita 6 hazionekani kwa macho, lakini kabati lina kina cha sentimita 45 na kimo kinachozidi hicho mara nne na ushei. Kwa hiyo 6 za chini zinakuwa 25 kule juu. Uzi na hesabu vimekubaliana.

La pili ndilo lililonifurahisha zaidi. Sakafu ingekuwa imeinama tu, bila kujikunja, mguu wa mbele kulia ungekuwa chini kwa 7, yaani 6 na 1. Ni 9. Zile 2 zilizozidi ni msokoto. Kigoda chepesi kingeyumba hapo, kila mtu angejua kina tatizo. Kabati zito haliyumbi. Uzito wake unaulazimisha mguu wa nne ushuke mpaka uguse chini, na fremu yote inajipinda kuufuata. Ndiyo maana kingo za milango hazionani. Mbao haina kosa, na aliyelitengeneza hana kosa.

Nimewakataza watoto kulifungua mpaka nimalize. Kabati lililoinama mbele, milango wazi, droo nje, sahani zimejaa: mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu na anapenda kuning'inia kwenye droo. Sitaki hata kuendelea kuandika hili.

Alhamisi, 10 Aprili

Mdogo ameuliza kwa nini tusilizungushe tu, kama nilivyofanya na meza ya chai. Swali zuri, na nimemjibu kwa kumwonyesha kwenye meza yenyewe.

Meza ya mraba yenye miguu minne iliyo sawa, juu ya sakafu yenye mabonde madogo yasiyo na ngazi, ukiizungusha papo hapo utapata mahali inapotulia kabla hujamaliza robo ya mzunguko. Jozi moja ya miguu inayokabiliana kwa pembe ndiyo inayobeba, nyingine inaning'inia. Baada ya robo mzunguko jozi zimebadilishana nafasi, hivyo katikati ya safari lazima pawepo mahali zinapolingana. Mwandishi Martin Gardner aliliandika jambo hili katika jarida la Scientific American mwaka 1973, na baadaye wanahisabati wakalithibitisha kwa ukamilifu.

Lakini meza inayotulia hivyo inaweza bado kuwa imeinama. Kwa kikombe cha chai haidhuru. Kabati lina mlango na bawaba, linahitaji kutulia na kusimama wima, yote mawili. Tena uso wake ni mmoja, ukilizungusha vyombo vitatazama ukuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Kazi imefanyika leo, na fundi amekuja na randa yake, safari hii kwa kazi ninayoitaka.

Jirani alileta boksi la sabuni tulikunje tuweke chini ya miguu. Ana nia njema, nimemshukuru, nimekataa. Karatasi inabonyea kwa uzito, inalowa siku ya deki ya kwanza, halafu mchwa wanakaribishwa. Fundi yeye alipendekeza tukate miguu ya nyuma. Hilo nalo nimelikataa, na kwa ukali kidogo. Mguu uliokatwa unafaa kwa sakafu hii peke yake, na kabati hili limeshahama nyumba mara moja.

Tulitoa kila kitu, hata rafu. Fundi alinyanyua kwa ubao mrefu juu ya tofali, mimi nikaingiza kabari mbili mbili, ncha zinapishana, nikazigonga kidogo kidogo huku mkubwa akisoma uzi. Kabari ni za kutafutia kimo. Hazifai kuachwa, kwa sababu siku moja zitateleza. Kimo kilipopatikana fundi akaranda mabaki ya mvule, mvule ambao mchwa huuogopa, akatoa vipande bapa vyenye ukubwa wa mguu mzima: cha milimita 1, cha 6, cha 9. Kile cha 1 kilimtoa jasho, na kimetoka safi kabisa.

Tuliposhusha mguu wa mwisho, mlango wa kulia ulijifunga nusu, ukasubiri. Kingo zikaonana juu hadi chini. Fundi akainama, akatazama, akasema, "Dada, ningeuharibu." Nimemlipa bei ileile aliyotaja Jumapili. Aliistahili.

Jumamosi, 19 Aprili

Wiki nzima limebeba vyombo. Uzi uko palepale. Nimepaka nta chini ya miguu na kwenye vile vipande, maana mguu wa mbao hunywa maji ya deki kupitia ncha yake kuliko mahali pengine popote. Pembe mbili za chuma zimelishika ukutani kwa juu. Kusimama wima hakutoshi nyumba ikiwa na watoto.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeandika kwa penseli chini ya kila kipande: nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Wanangu, siku mtakapolihamisha kabati la bibi yenu, fungueni kwanza zile pembe za ukutani, toeni vipande hivi, mpime sakafu mpya kabla ya kumwita mtu wa kuranda. Na miguu yake msiikate.