Andika Kazi Yako



Mimi ni mwashi. Nimejenga shule, zahanati na ghala. Lakini jina langu halimo katika mkataba hata mmoja. Mkataba hupewa mkandarasi mkubwa kutoka mjini. Mimi huja na mwiko wangu, nikalipwa ujira wa siku. Anayeomba zabuni hutakiwa kuonyesha kazi alizopata kwanza. Nitaonyesha nini, na kazi ya kwanza sikupewa?

Hatuko peke yetu. Nimesoma habari za mji wa Atlanta, huko Marekani. Mwaka 1973 zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Waamerika Weusi. Walilipa kodi kama wengine. Lakini katika kila dola 100 za mikataba ya mji, makampuni yao hayakupata hata dola moja.

Mwaka huo Maynard Jackson alichaguliwa kuwa meya. Alikuwa meya wa kwanza Mweusi wa mji huo. Mji ulitaka kujenga jengo jipya katika kiwanja cha ndege. Jackson alidai robo ya kazi iende kwa makampuni ya watu waliobaguliwa. Makampuni makubwa yaungane na madogo, yagawane kazi na faida. Wakubwa walipinga sana. Jackson hakuyumba. Jengo lilifunguliwa Septemba 1980.

Je, mambo yaliishia hapo? Hapana. Mji wa Richmond nao uliweka sheria ya namna hiyo. Kampuni moja ilikwenda kushtaki. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua sheria hiyo. Ilisema mji haukuleta ushahidi wa kutosha wa ubaguzi katika kazi zake za ujenzi. Baada ya hapo miji mingi ilianza kuhesabu. Nani anaweza kazi hii? Nani alipewa? Alilipwa kiasi gani?

Ndugu yangu, hapo nilipata fundisho. Uchungu wa moyoni hakimu hauoni. Huona maandishi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi nina daftari. Naandika tarehe, jengo, kazi niliyofanya na fedha niliyolipwa. Kisha namwomba mkandarasi atie sahihi. Wawili wamekataa. Mmoja amekubali.

Na wewe, sasa unajua kusoma na kuandika. Kazi yako umeiandika wapi?