Mkoba Usiomhitaji Mwenyeji

Zamani kwetu pwani mtoto hakutembezwa kabla ya arobaini. Siku hizo zikiisha, mzazi alikuwa na deni la kumpeleka kwa jamaa wamwone, na deni hilo lililipwa nyumba kwa nyumba. Mimi nilijifungua mtoto wangu wa kwanza Tanga mwaka 1984, na jamaa wa mume wangu walikuwa Pangani, kilomita 50 hivi za barabara ya vumbi kuelekea kusini. Kikapu nilichokifunga kwa safari zile nakikumbuka kitu kimoja kimoja. Miaka ile ilikuwa ya uhaba: sabuni ilipangiwa foleni, sukari ilitafutwa kwa kujuana, na doti ya kanga ikipatikana ilitunzwa sandukuni.

Nepi tulikata wenyewe, na kanga mpya haikufaa. Ina dondo, haifyonzi. Ilitakiwa kanga iliyovaliwa na kufuliwa mpaka ikalainika na maandishi yake yakafifia. Kipande kimoja kilitoa nepi nne. Unakunja pembetatu, unapitisha katikati ya miguu, halafu unafunga kwa pini kubwa huku vidole vyako viwili vimekaa ndani, kati ya pini na tumbo la mtoto, ili ikiteleza ikuchome wewe.

Basi kikapuni ziliingia nepi chache, kanga mbili safi, moja ya kumkinga vumbi na moja ya kumlaza, kofia ya sufu, poda, kichupa cha mafuta ya nazi, na kadi ya kliniki ndani ya bahasha. Mbeleko sikuihesabu, kwa kuwa ilikuwa mgongoni. Vyote hivyo vilikaa juu. Chini, kwenye uzito wenyewe, palikuwa pa wenyeji: mche wa sabuni, sukari iliyofungwa kwenye gazeti, majani ya chai, na siku za neema mkate wa mjini. Mkono mtupu haulambwi. Nilikua nikisikia hivyo.

Nepi zile hazikutosha kulala siku mbili, na hakuna aliyetarajia zitoshe. Aliyefunga kikapu aliwahesabu na watu wa kule aendako. Ulipiga hodi, na kabla hujavua viatu mtoto alikuwa ameshapokewa. Nepi ikilowa, binti wa nyumba alikuwa ameshateka maji kisimani, beseni liko uani, na baada ya kitambo nepi za mtoto wako zilikuwa kambani pamoja na nguo za watu wengine. Jirani aliyepita akiziona aliuliza ni mgeni gani amekuja, akaingia kumwona.

Safari moja ilinyesha mfululizo, nepi hazikukauka. Shangazi wa mume wangu akafungua sanduku lake, akatoa kanga yake, akaitia meno kwenye pindo na kuichana katikati. Nikamshika mkono, maana nilijua hana hakika ya kupata nyingine mwaka ule. Akaniambia, "Niache, mwanangu. Hii kanga ilikuwa inamngoja nani?" Akaendelea kuchana.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Ilianza mifuko ya rambo. Tulipokuwa hatuna mifuko hiyo, nepi chafu ilifuliwa pale pale ulipo, kwa maji na sabuni ya nyumba ile. Rambo zilipozagaa, uliweza kuifunga ukarudi nayo kwako. Kisha pempasi zikashuka bei, na kufua kwenyewe kukaisha. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, desturi ilikuwa imeshageuka, na kamba za kuanikia nepi zilikuwa zimeshapungua nyuani.

Sizibezi pempasi. Najua mikono inavyopasuka kwa kufua asubuhi na jioni, na sitaki binti yeyote arudi kwenye pini. Wala sitamani kila kilichofanywa na wenyeji wetu. Tulipewa uji wa kumnywesha mtoto wa miezi mitatu kwa nia njema kabisa. Leo kliniki wanasisitiza maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, na wako sahihi. Mama wa leo anayebeba kadi, kipimajoto, dawa ya homa na pakiti ya ORS anajua mambo ambayo sisi hatukuyajua.

Ninachokisikitikia nilikiona Mbagala, tulipompeleka mjukuu wangu kwa wifi yangu. Binti yangu wa mwisho alikuwa na mkoba wa vyumba vingi: pempasi, tishu zenye unyevu, kitambaa cha kubadilishia, nguo za akiba, themosi ya maji ya moto, shuka, hata mto. Wifi yangu aliposikia mtoto analia aliinuka kwenda jikoni kuchemsha maji, na kanga tayari ameishika begani. Binti akamwambia kwa heshima zote, "Shangazi, usisumbuke, nimebeba kila kitu." Yule mama akasimama kidogo, akaikunja ile kanga, akakaa. Kutwa nzima hakumgusa mtoto ila alipopewa ampakate kwa ajili ya picha. Tulipoaga, binti alimtumia shangazi yake pesa kwa simu. Nyingi kuliko thamani ya mche wa sabuni na sukari yangu yote. Alizishukuru, lakini siye yule aliyeinuka kwenda jikoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee. Mwenyeji atapona kwa lipi, iwapo mgeni amekuja na nyumba yake nzima mkobani?

Mwanangu yule wa 1984 leo ni mtu mzima, ana kazi na watoto wake. Shangazi wa Pangani alipofariki, alisafiri usiku ili awahi kumzika, na hakuna aliyemwambia aende. Hakuikumbuka kanga iliyochanwa kwa ajili yake. Alikuwa mchanga mno. Aliijua tu nyumba ile kuwa ni kwao, kwa sababu kila alipopelekwa kulikuwa na mtu aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgombeza.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wachanga: fungeni bila kupunguza vyote vinavyolinda afya ya mtoto, na nepi za kutosha mwendo. Lakini beseni, maji ya kuogea na kanga ya kumlaza, viombeni kwa mwenyeji. Mwenye kuombwa beseni ndiye atakayeuliza kesho yake kama mtoto alilala salama.