Barua kutoka Sevilla: Mgeni wa Miezi Miwili

Mama, na wote hapo Tanga,

Sisi huku tumo ndani ya joto la Agosti. Madirisha yanafungwa mchana kutwa, na nusu ya mtaa imehamia pwani. Nyumbani tuna mgeni wa miaka 10, binti wa Kisahrawi kutoka kambi ya Smara, jangwani karibu na Tindouf, Algeria. Alifika Julai na wenzake ndege nzima, kila mmoja na kadi shingoni.

Mpango huu ni wa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kila kiangazi, ukiacha ile miaka ya korona, watoto wa kambini huletwa Hispania, wakagawiwa majumbani wakati kwao joto linapita nyuzi 45. Msidhani ni huruma tupu. Sahara Magharibi ilikuwa koloni la Hispania hadi Februari 1976. Wahispania wakaondoka bila kuitisha ile kura ya maoni waliyoahidi, Moroko na Mauritania wakaingia, watu wakakimbilia Algeria, na hadi leo wapo. Tanzania iliitambua nchi yao mwaka 1978. Nikaona sina sababu ya kukaa pembeni.

Likizo yenyewe nusu yake ni hospitali: macho, masikio, damu, meno. Siku ya kwanza muuguzi alinipita mara mbili akimtafuta mwenyeji wa mtoto. Hakudhani Mwafrika anaweza kumpokea Mwafrika mwenzake. Meno ya binti yana madoa ya kahawia kama ya wenzetu wa Arusha, na sababu ni ileile, floraidi nyingi kwenye maji.

Kilichotusumbua hasa ni tumbo. Akila mkate linamjaa, mwili haujengeki, na mwenyewe keshazoea, halalamiki. Vipimo vikaonyesha mwili wake haupatani na ngano. Huku ugonjwa wanauita seliaki. Kumbe hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Kisahrawi wanao, kiwango kikubwa mno. Na chakula cha mgawo kambini, kwa sehemu kubwa, ni unga wa ngano!

Mkate ukapigwa marufuku. Nikakimbilia duka la Waafrika, nikanunua unga wa mahindi, nikasonga ugali kwa sufuria mpya na mwiko mpya. Alilitazama tonge langu, akafinyanga lake, akalitoboa kwa kidole gumba na kuchota mchuzi kama kazaliwa kwetu Pongwe.

Baada ya kula ndipo zamu yake. Kaja na majani ya chai na vibilauri vidogo, mama yake kavifunga kwenye mtandio. Anamimina kutoka juu, anarudisha bulini, anamimina tena, mpaka povu lisimame nusu bilauri. Ni raundi tatu. Ukijaribu kuondoka baada ya ya pili, anakutazama kama umemtukana.

Wako wanaosema ni ukatili kumwonyesha mtoto bahari na aiskrimu, kisha kumrudisha jangwani. Sikubaliani nao, na sijasikia hata mmoja wao aliyemuuliza mtoto. Tulimpeleka Cádiz, akaruka mawimbi mpaka akatetemeka. Usiku mama yake alipopiga simu, swali la kwanza la binti lilikuwa mbuzi wamezaa wangapi. Huyu kwao anakujua. Ninaowatilia shaka ni sisi wenyeji, tunaoshindana kwa viatu vya taa na simu, halafu tukienda uwanja wa ndege tunalia kuliko watoto wenyewe, kana kwamba tunanyang'anywa wetu.

Sasa tunapanga begi, na kilo zina kikomo. Viatu vya taa vimetoka, unga umeingia. Daktari kaandika barua ya zahanati ya kambini, namtafuta mtu wa kuitia Kiarabu.

Mama, nawe nina kazi yako. Kipimo cha vitumbua kimenitoka kichwani. Nitumie sauti kwenye simu: mchele unalowekwa muda gani, hamira kiasi gani, nazi ikikosekana nitie nini. Mchele kambini huwa wanaupata, basi nataka binti aondoke anajua kuvipika amfundishe mama yake. Chuma cha vitumbua ninacho. Kitakavyoenea begini bado sijui.