Uthiru Januari inapobisha hodi

Ukipanda matatu ya kuelekea Kinoo au Kikuyu kutoka katikati ya jiji la Nairobi, utaifuata barabara ya Waiyaki, uipite Westlands, kisha Kangemi na soko lake la mitumba, halafu kondakta atagonga bati na kuita jina la Uthiru. Ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, haifiki huku. Huishia makutano ya James Gichuru, na msongamano wa siku ya kufungua shule wanaachiwa watu wa ng'ambo hii.

Macho ya mgeni huvutwa na malisho ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoundwa mwaka wa 1994. Lakini msimu wa shule ukikaribia, Uthiru yenyewe iko kando ya barabara ya Naivasha, kuteremka hadi kituo cha Eighty Seven, ambako cherehani hulia mchana kutwa.

Mzazi anayejua mambo huenda kwa fundi Desemba, kabla ya foleni. Humwambia aache pindo pana la kufumua mtoto akirefuka, na sweta huchukua ile inayofika vidoleni. Kwa viatu, wengi bado wanasadiki Toughees za Bata, zitokazo Limuru, juu kidogo ya barabara hii hii. Anayekwenda bweni atahitaji sanduku la bati, na hilo lifuate kwa mafundi wa jua kali kule Kamukunji. Likague bawaba na komeo kabla ya kutoa pesa, kwani rangi inayong'aa huficha mengi.

Vitabu visikukoseshe usingizi. Tangu 2018 serikali hupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma. Mwenye mtoto katika shule ya kibinafsi angojee orodha ya shule, ailinganishe na ile iliyoidhinishwa na KICD, ndipo ainamie vitabu vya mitumba mjini. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, kwa hivyo kitabu cha darasa la nane, hata kiwe rahisi vipi, labda kikufae kufungia maandazi.

Kinachotoa watu jasho huku ni karo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu Januari 2026, baada ya miaka mitatu ya kusoma sekondari ya chini katika viwanja vya shule za msingi, wengi wakirudi nyumbani jioni. Kwa anayeitwa shule ya bweni, bajeti ya nyumba hupinduka kwa siku moja.

Hapo ndipo mzazi wa Uthiru hugundua kwamba mtaa wake una wenyewe wawili. Upande mmoja ni wadi ya Uthiru/Ruthimitu, eneobunge la Dagoretti Kusini, kaunti ya Nairobi. Upande wa pili ni wadi ya Uthiru, eneobunge la Kabete, kaunti ya Kiambu. Jina ni moja, duka la unga huenda likawa moja, lakini fomu za basari ni mbalimbali. Mpangaji aliyehama hatua chache kufuata nyumba ya bei nafuu aweza kuwa amevuka mpaka bila habari, huku kura yake ikibaki alikotoka. Akifika kwa chifu asiye wake hurudishwa, na siku ya mwisho ya kupeleka fomu haimngoji.

Basi muulize jirani mliyekaa naye miaka ni chifu gani humtilia sahihi. Fomu ya kaunti na ile ya eneobunge ni mambo mawili, ulizia zote. Kuhusu NG-CDF, Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba, ikaipa hadi Juni 30, 2026. Hakikisha ofisini hali ilivyo kabla ya kuihesabu basari hiyo katika mipango yako.

Na wakati ungali upo, mwone mwalimu mkuu mkubaliane kulipa kidogo kidogo, kisha mwandikiane. Nenda na nakala za kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na barua ya mwito. Zitoe mapema, kwa sababu wiki ile ya kwanza ya Januari foleni ya mashine ya fotokopi hupita ile ya fundi.