Waliosukuma Gari

Katika jedwali la tasnifu yangu kuna safu niliyoiita "kuhama". Mbunge aliyewahi kubadili chama anapata 1, ambaye hajawahi anapata 0. Nasoma shahada ya uzamili, na kwa miezi kadhaa kazi yangu imekuwa kugawa namba hizo. Nilipofika kwa Augustine Lyatonga Mrema nilisimama. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Nyumbani kwetu Vunjo, Mrema ndiye aliyefanya Babu na mdogo wake wasisemezane kwa miaka 18.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha Rais Mwinyi akampa na unaibu waziri mkuu, cheo ambacho hata kwenye Katiba hakikuwemo. Alikuwa akiwapa watu siku saba: rudisha mali ya watu, mhudumie mkeo, maliza kero hii. Babu hulitamka hilo neno, "siku saba", huku akipiga meza. Mapema mwaka 1995 Mrema akatoka CCM, akaingia NCCR-Mageuzi na kugombea urais. Popote alipopita vijana walizima gari lake wakalisukuma kwa mikono.

Babu hakuwa kijana, alikuwa na miaka 51. Alisukuma hata hivyo, pale Himo, kwa viatu vyake vya kanisani. Jioni aliporudi alimkuta mdogo wake, ambaye sisi tulimwita Babu Mdogo, akimsubiri uani. Babu Mdogo alikuwa balozi wa nyumba kumi wa CCM. Alikwishapata habari.

"Kaka, huyo unayemsukuma atakushusha njiani," alisema.

Babu alimjibu maneno ambayo mpaka leo hakuna anayekubali kuniambia. Vihamba vyao vilitenganishwa na mstari wa masale tu, watoto walikuwa wakipenya kwenda kula upande wowote. Tangu jioni ile mstari ule ukawa mpaka.

Mrema alipata karibu asilimia 28 ya kura mwaka ule. Mwaka uliofuata akachukua ubunge wa Temeke katika uchaguzi mdogo. Kisha NCCR ikagawanyika, na mwaka 1999 akahamia TLP. Babu naye akatafuta kadi mpya. Kura za urais mwaka 2000 zilikuwa asilimia 7.8, na mwaka 2005 hazikufika asilimia moja. Babu alikuwa ndani ya hiyo isiyofika. Mwaka 2010 Vunjo ikampa Mrema ubunge, na nakumbuka Babu akicheza uani, mbege ikimwagika, akihakikisha sauti inavuka masale.

Babu Mdogo alifariki mwaka 2013. Babu alisimama nyuma kabisa kaburini, mikono mfukoni.

Mwaka 2015 Mrema alishindwa na James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, chama kilekile alichokuwa amekiacha. Mwaka 2016 Rais Magufuli akamteua mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Ulipofika uchaguzi wa 2020, TLP haikusimamisha mgombea urais, ilimuunga mkono yule wa CCM. Nilikuwa nyumbani. Babu alizima redio, akakaa muda mrefu.

"Yeye amerudi," akasema. "Mimi nirudi kwa nani?"

Sheria yetu inalijua jambo hili kwa upande mmoja. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha chama kilichompa ubunge, kiti kinakwenda. Basi. Na kiti kinaweza kurudi upesi: Desemba 2017 Maulid Mtulia aliacha ubunge wa Kinondoni aliokuwa ameupata kupitia CUF, na Februari 2018 akaupata tena kupitia CCM. Miaka ile wengi walitoka hivyo, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Nilikuwa chuoni, tukiwacheka. Nadhani jedwali langu lilianzia kwenye kile kicheko.

Likizo iliyopita nilimwonyesha Babu jedwali kwenye kompyuta. Nilitarajia afurahi kuona Mrema amepewa 1, kama mtu anayelipiziwa kisasi.

"Hujui kitu," alisema. "Waziri mzima, mwenye king'ora, alishuka akaja kwetu tusio na kitu. Na huyu aliyekwenda kuchukua kiti chake palepale. Wote umewapa moja?"

Nikamwambia ndivyo safu inavyofanya kazi.

"Na mimi umeniweka wapi?"

Sikuwa na pa kumweka. Jedwali ni la wabunge.

Mrema alifariki Agosti 2022 na kuzikwa kwao Kiraracha. Babu alikwenda mazikoni. Mama aliniambia kwamba aliporudi hakuingia ndani. Alikata jani la isale, lile ambalo kwetu humpelekea mtu unayemwomba msamaha, akapenya mpaka wa mwaka 1995 na kwenda kulilaza kwenye kaburi la mdogo wake. Hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza.

Mrema bado ana 1. Nimeongeza safu ya pili, ya mwaka na cheo alichokiacha mtu siku aliyohama. Ya waliosukuma gari sijajua niiite nini.