Na Wewe Nani Alikukagua?

Ndege yangu niliijenga gerejini, Wisconsin, kwa miaka sita. Nikitoka kazini napiga ribiti mpaka jirani agonge ukuta. Sheria ya Marekani inaruhusu: ukiunda sehemu kubwa ya ndege mwenyewe, kwa kujifunza au kujifurahisha, utaisajili kama ndege ya majaribio. Ndugu zangu Tanga waliona nimerukwa na akili. Mimi nilijiona fundi, na kweli nilikuwa fundi. Rubani ndiye aliyekuwa amenitoka. Kila senti na kila Jumamosi vilimezwa na alumini, sikuwa nikiruka.

Nilikuwa katika saa ya tisa ya kuruka kati ya saa 40 za majaribio, peke yangu, kwa kuwa abiria haruhusiwi. Upepo ulivuma kutoka kushoto. Nikaja na kasi iliyozidi. Magurudumu yakagusa, ndege ikadunda, ikagusa tena. Hapo ilibidi niongeze moto, nipae, nizunguke upya. Nikang'ang'ania. Watu walikuwa wanatazama, bwana.

Ndege yenye gurudumu dogo mkiani, kama yangu, uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ni kama mkokoteni unaousukuma badala ya kuuvuta: ukikengeuka kidogo, nyuma kunataka kutangulia mbele. Kabla mguu haujapata pedali, pua ilishageukia kushoto, mguu wa kulia wa ndege ukakunjika, bawa likalima nyasi na propela ikapinda.

Nilitoka mzima. Mwezi mzima nililaumu upepo, breki, hata lami. Mke wangu akanisikiliza, kisha akasema, "Baba Salma, ribiti zote ulizikagua moja moja. Na wewe nani alikukagua?"

Nilinuna siku mbili.

Kisha nikamtafuta mwalimu, mzee mmoja mwenye ndege ya mazoezi ya gurudumu la mkia. Siku ya kwanza akaniambia miguu yangu imelala. Kilichonichosha zaidi ni kwamba nikitua vibaya alisema "paa", nikitua vizuri pia "paa", hadi kupaa upya kukaacha kuniuma kama aibu.

Jumapili iliyopita upepo ulikuwa uleule, na kwenye benchi wamekaa watazamaji walewale. Nikajaribu mara mbili, mara mbili nikapaa. Nikaenda kutua uwanja mwingine, ambao njia yake inauelekea upepo, nikampigia mke wangu simu aje kunichukua. Alikuja na chupa ya chai.