Mwana wa Ng'ambo na Hesabu ya Siku

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Unyamwezi siku hizi yupo mtoto mmoja aliyevuka bahari. Yuko Marekani, au Uingereza, au nchi za Waarabu, naye hutuma fedha za ada, za mabati na za dawa ya mzee. Tunamwombea na kumsifu. Lakini likitokea jambo zito nyumbani tunamwita, naye akija kisha akataka kuondoka mapema, maneno huanza. "Amekuwa Mzungu huyo." "Fedha zimemla moyo." Nataka kueleza jambo moja lililomo ndani ya maneno hayo, maana limetupata sisi wenyewe hapa Goweko.

Wanyamwezi hatukuanza leo kusafiri. Zamani za misafara, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, babu zetu walibeba pembe mpaka pwani na kurudi na nguo na shanga. Nao walikuwa na hesabu yao. Waliondoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima, kwani aliyechelewa alikuta shamba limekuwa pori. Lakini hesabu ile ilikuwa ya nyumbani. Mpagazi akisha rudi kwake, siku alizokaa na mke wake hazikuhesabiwa na mtu ye yote wa Bagamoyo. Siku hizi mambo yamegeuka: mtoto akija kwetu, ni huko alikotoka wanakohesabu.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu, alikwenda Marekani mwaka 2014 kwa ile bahati nasibu ya viza. Mwaka 2017 alirudi kufunga ndoa Tabora mjini, akamwacha mke wake kwa wazazi wake, akaandika ombi la kumchukua. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mama yake akiwa bado anangoja. Basi mwaka 2021 kaka yangu akapigwa na kiharusi. Kijana alipata habari usiku, na siku ya nne akashuka garimoshi hapa stesheni na mfuko mmoja mgongoni.

Alimwuguza baba yake kweli kweli. Alimgeuza kitandani, alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko. Miezi ikapita. Mwezi wa tano ulipokwisha akatuita wazee, akatuambia kwamba hana budi kuondoka. Dada yetu mkubwa alikasirika sana. Akamwambia, "Karatasi ndiyo baba yako?" Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Shangazi, karatasi si baba yangu. Lakini karatasi hiyo ndiyo mke wangu na mwanangu."

Wengi hawakumwelewa. Jioni ile nilimketisha, nikachukua daftari, nikamwomba anieleze pole pole kama anavyomweleza mtoto wa shule. Haya ndiyo niliyoyaandika.

Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu ya Marekani, ambayo watu huiita grinikadi, si raia. Ni mgeni aliyeruhusiwa kukaa, na anatazamiwa akae kweli. Akiwa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, akirudi aweza kuhojiwa upya kama mtu anayeomba kuingia. Akifikisha mwaka mzima, kadi peke yake haimrudishi tena. Kiko kibali cha kurejea, nacho humruhusu kukaa nje mpaka miaka miwili, lakini ombi lake hupelekwa wakati mtu yumo bado ndani ya Marekani. Ukikumbuka ukiwa Goweko, umechelewa. Na mtu aliyepigiwa simu usiku kwamba baba yake ameanguka, nani angekaa kwanza ajaze fomu?

Kadhalika yuko anayetaka uraia wa huko. Kwa kawaida hungoja miaka mitano, na katika miaka hiyo awe amekuwamo nchini miezi 30 kwa jumla. Safari moja ikizidi miezi sita, hudhaniwa kwamba amekatiza ukaaji wake, na ni juu yake kuonyesha kwamba sivyo. Ikifika mwaka, ukaaji umekatika.

Ila lililomtia hofu mwanetu si uraia. Ombi la mke na watoto husimama juu ya kadi ya mume. Kadi ikianguka, ombi nalo huanguka, hata kama limekaa foleni miaka. Yeye alikuwa Goweko akimlisha baba yake uji, na huko Tabora mjini mke wake anahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Nani kati yao alikuwa na haki zaidi? Mimi sikuweza kumjibu, na mpaka leo sijui ningejibu nini.

Aliondoka siku ya 171. Kaka yangu alifariki wiki tisa baadaye. Kijana hakuweza kuja kuzika, kwa kuwa nauli ilikuwa imekwisha na kazi aliyorudishiwa isingemngoja mara ya pili. Alisikiliza ibada ya mazishi katika simu niliyoishika mimi mkononi, karibu na kaburi, na upepo ukawa unavuma hata sijui alisikia nini. Mwaka uliofuata mke wake na mtoto waliitwa kwenye usaili, wakapewa viza, wakaenda.

Namjua pia mama mmoja wa mjini Tabora aliyechagua njia nyingine. Alikuja kumwuguza mama yake akakaa miezi 14, mume na watoto wakiwa Marekani. Siku ya kurudi hakupandishwa ndege. Ikambidi aombe viza ya mkaaji anayerejea, na katika ombi hilo mtu hudaiwa kuonyesha kwamba alinuia kurudi tangu mwanzo, na kwamba kilichomchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wake. Alikataliwa. Ilionekana kwamba kukaa kwake kulikuwa kwa hiari. Mimi naona neno hilo "hiari" halikuwekwa mahali pake. Kwetu, binti wa pekee kumwuguza mama yake si hiari.

Wengine hudhani dawa ni kwenda Marekani wiki mbili kila baada ya miezi mitano, kisha kurudi huku. Si dawa. Afisa wa mpakani haangalii siku tu. Huuliza: nyumba yako iko wapi? Kazi yako je? Unalipa kodi kama mkaaji au kama mgeni? Kwa hiyo aliyeitwa nyumbani ghafula na atunze karatasi zake zote: tikiti ya kurudi, barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba, cheti cha daktari wa mgonjwa. Na sisi tulio nyumbani, kabla ya kupanga nani atalala kwa mzee mwezi gani, tumwulize mgeni wetu, "Mwanangu, una siku ngapi?" Tukishajua, wale wenye siku nyingi watapanga zamu zao kumzunguka yule mwenye chache.

Nchi nyingine zina hesabu zao. Uingereza, aliyepewa ukaaji usio na mwisho huupoteza akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Falme za Kiarabu, viza ya ukaaji ya kawaida hufa mtu akizidisha miezi sita nje. Tusiseme kwamba ni Wazungu na Waarabu tu. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 nayo inahesabu: mgeni aombaye uraia wa tajinisi hutakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi kabla ya hiyo awe amekaa jumla ya miaka saba. Majirani zetu wa Ulyankulu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walingoja mpaka mwaka 2014 ndipo walipoanza kushika vyeti vyao mkononi. Wao wanajua kungoja kuliko sisi.

Yuko atakayeuliza, mbona huyu kijana haombi uraia wa Marekani yaishe? Miaka mitano ameipita zamani. Akiwa raia wa huko, aweza kukaa Goweko hata miaka kumi na hakuna atakayemfungia mlango. Lakini Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa kwetu humtoka. Atakuja kwenye kaburi la baba yake na paspoti ya kigeni, akigongewa muhuri wa mgeni. Amelifikiria jambo hilo miaka mingi. Tangu Desemba 2025, Marekani ilipotangaza vizuizi vya viza na kuwataja raia wa Tanzania miongoni mwao, analifikiria zaidi. Wenye grinikadi hawakuguswa na tangazo lile, ila sasa anayeipoteza hana hakika kama atapata njia nyingine.

Wakati ninaandika haya mke wake yuko Tabora. Alikuja kujifungua kwa mama yake, kama walivyo wanawake wengi wanaotaka mkono wa mama saa ile, na amepata mtoto wa kike. Bibi mzaa mama angependa mjukuu akae naye mpaka atembee, mama atangulie peke yake kwenye kazi. Nilikwenda kumweleza. Mtoto aliyezaliwa nje na mama mwenye ukaaji wa kudumu, mama akiwa safarini kwa muda tu, huingia Marekani pasipo viza ya wahamiaji kama hajatimiza miaka miwili, naye aende pamoja na mzazi katika safari ya kwanza ya mzazi huyo kurudi. Akiachwa nyuma safari hiyo, ataanza ombi na foleni kama walivyoanza mama na ndugu yake. Bibi alinisikiliza, akamtazama mtoto, akauliza kama hata mtoto wa mwezi mmoja anahesabiwa siku. Nikamwambia ndiyo, mama. Cheti cha kuzaliwa kimekwisha patikana, paspoti ya mtoto bado. Safari ni mwezi wa nne wa mtoto, na bibi ameanza kukaanga karanga za njiani.